Nyumba mbovu: uitengeneze kwanza au uiuze ilivyo?

Ukiiuza ilivyo, fedha huja mapema na hukimbizani na mafundi. Ila wanunuzi hupungua. Anayetegemea mkopo wa benki mara nyingi hukwama, maana mthamini akikuta paa linavuja, benki husita. Wanaobaki ni wenye fedha taslimu, nao hushusha bei kupita hata gharama halisi ya matengenezo.

Kutengeneza kwanza huinua bei, lakini si kila kazi inalipa. Rangi mpya, ndiyo. Jiko la kifahari, mara chache. Mimi ningeziba paa, nikapaka rangi, basi.

Ufa kwenye msingi ni habari nyingine: hapo ningeuza ilivyo na kumwonyesha mnunuzi, kwani ukiufunika kwa plasta akaja kuugundua, huenda mkaonana mahakamani.