Dansi Mbeya: ukumbini au bustanini?

Bendi ikija Mbeya, mara nyingi itapiga ama kwenye ukumbi uliofungwa ama kwenye bustani ya baa.

Kwa sauti, mimi nipo na bustani. Kumbi zetu nyingi ni kuta za saruji, vigae chini, bati juu: ngoma inapigwa mara moja unaisikia mara tatu, na maneno ya mwimbaji yanapotelea humo humo. Ukilazimika kuingia, kwepa kona, maana besi hurundikana huko. Watu wakijaa hali inakuwa nafuu, miili na makoti vinameza mwangwi. Saa nne usiku ni bora kuliko saa mbili. Bustanini mwangwi haupo, ila sauti inaisha haraka: umbali kutoka kwenye spika ukiongezeka maradufu, inashuka kwa desibeli 6 hivi. Wahi meza za mbele.

Sasa baridi. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni au Julai bustanini bila koti zito ni kujitesa. Mhudumu akiuliza "ya baridi au ya moto?" hata walevi wa bia baridi wanaagiza ya moto. Masika ni ukumbini tu, sina ubishi.

Maegesho? Kumbi za katikati ya mji zinakubakiza pembeni mwa barabara. Bustani zina uwanja, lakini mvua ikinyesha ni tope. Egesha gari likitazama geti, au panda bajaji.