Maharage ya kugandisha ya nusu kilo: nimeyala miezi minne

Mimi ni fundi simu Kariakoo, nimepanga Tabata. Nikifunga meza saa mbili usiku, hadi daladala inishushe ni saa tatu na nusu. Muda huo mama ntilie wa kona ameshaosha masufuria, na chipsi mayai nimezila mpaka nikisikia harufu yake navuka barabara. Ndipo nikaanza kununua maharage yaliyochemshwa na kugandishwa, anayouza mama mmoja jirani kwenye friza yake ya barafu na juisi.

Pakiti ya nusu kilo ni shilingi 2,000. Mdogo wangu aliniona mjinga, na kwa hesabu ya maharage tu hajakosea: kilo moja ya makavu ukiichemsha inakupa zaidi ya kilo mbili, kwa hiyo mama anapata pakiti nne na ushee. Lakini mimi natumia mtungi wa gesi wa kilo 6. Nikichemsha maharage mwenyewe ni saa nzima na nusu moto unawaka, nami nasinzia jikoni. Nimeshaunguza sufuria mbili.

Jambo la kwanza nililomuuliza ni magadi.
"Shikamoo mama. Haya umeyatia magadi?"
"Marahaba mwanangu. Magadi ya nini? Nayaloweka usiku kucha."
Nimemwamini kwa ulimi wangu. Magadi yanaivisha haraka kweli, ila yanaacha ladha ya sabuni, tena yanaua vitamini B1. Haya yana ladha ya maharage.

Alhamisi iliyopita ndiyo yaliniokoa hasa. Mvua, genge limefungwa, na ndani nina kitunguu kimoja, nusu karoti iliyosinyaa, nyanya ya kopo, pakiti ndogo ya tui la unga na mchele vikombe viwili. Nikabandika wali kwanza, maana wali ndio unaochelewa. Kitunguu kikapata rangi, nikatia vijiko viwili vya nyanya ya kopo na kuikaanga mpaka mafuta yakaelea. Hapo usiwe na haraka. Nyanya ya kopo isipokaangwa vizuri ina ukali wa bati. Maharage nikayatupia vilevile na barafu yake, maji robo kikombe, karoti, nikafunika. Dakika kumi yameyeyuka yote. Barafu inapasua maganda kidogo, kwa hiyo mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila kuponda.

Tui la unga likoroge pembeni kwa maji ya uvuguvugu. Ukilimwaga kavu kwenye sufuria linafanya vidonge. Nikalitia mwisho, nikapunguza moto na kukoroga lisikatike. Mimi nimekulia Tanga, nazi naijua ya kukunwa kwenye mbuzi, na sitadanganya kwamba ni kitu kilekile. Kwa saa nne usiku, tui la unga linatosha. Tulikula tukakomba ukoko.

Sasa lawama. Pakiti hazina tarehe; mama anasema za juu ndizo mpya, na friza inapojaa hata yeye hajui. Mwezi uliopita umeme ulikatika mchana kutwa, yakayeyuka, akayagandisha tena. Yangu nilipoyapasha yalitoa uchachu, nikamwaga yote. Nilipomwambia alinirudishia pakiti nyingine bila ubishi, ila tangu hapo naibonyeza pakiti kwanza: ikiwa na punje zilizoachana nachukua, ikiwa bonge moja lenye barafu nene juu naiacha, maana huenda imeshayeyuka mara moja. Kijiwe nimekutana nacho mara moja, jino likapona. Halafu usiyanunue ukitaka punje zilizosimama za kuchanganya na kachumbari; haya ni ya mchuzi, au ya kuponda ukalie chapati.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ataipata siku atakayoandika tarehe, hata kwa kalamu ya wino.

Nimemuomba agandishe na mbaazi. Amesema niweke oda ya pakiti tano kwanza, maana mbaazi za Tabata zina wenyewe.