Umerejesha diski? Usichomeke waya wa intaneti kwanza! (Uchambuzi wa Katalogi ya Microsoft Update)

Karibuni tena kwenye chaneli. Leo nina furaha na kitu kimoja na hasira na kingine, na vyote ni vya Microsoft. Kinachonifurahisha ni Katalogi ya Microsoft Update, tovuti ya bure kabisa ya kupakua masasisho ya Windows, ambayo wengi hawajawahi hata kuifungua. Kinachoniudhi ni Windows Update yenyewe, na mtaona kwa nini.

Namna ya kurejesha diski kutoka kwenye nakala rudufu sitaonyesha. Programu ya Clonezilla au nyingine yoyote, hilo mnalijua. Naanzia pale kompyuta imewaka, mafaili yote yamerudi, na mkono unakimbilia Wi-Fi. Subiri! Nakala ya mwaka jana imekurudishia mafaili pamoja na matundu ya usalama ya mwaka jana, na matundu hayo wavamizi wameshayasoma yote. WannaCry, ile programu iliyofunga mafaili na kudai fidia, mnaikumbuka? Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, tarehe 14 Machi 2017. Shambulio lilianza 12 Mei. Karibu miezi miwili kiraka kipo, na bado hospitali za Uingereza zilikwama. Na haikuhitaji mtu abonyeze kitu: kompyuta isiyo na kiraka, ikifikiwa tu kwenye mtandao, imekwisha.

Sasa tazama skrini. Hii ni mashine ya majaribio, nimeiachia Windows Update ijiendeshe. Inashusha nini? Draiva ya printa, yaani programu ya kuiendesha. Draiva ya sauti. Sasisho la usalama lile pale chini, asilimia sifuri. Jamani, printa inatangulia usalama! Debian, mfumo endeshi wa Linux, wana hazina ya peke yake kwa masasisho ya usalama tu, unaamua mwenyewe kuanza nayo. Hapa unapewa foleni moja tu.

Ndiyo maana naipenda Katalogi. Twende polepole. Kwenye kompyuta iliyorejeshwa, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika winver. Umeona? Windows 11, 24H2. Nakili hiyo, maana sasisho la toleo jingine halitaingia. Hamia kompyuta nyingine iliyo salama, fungua catalog.update.microsoft.com, andika Cumulative Update for Windows 11 24H2. Orodha ndefu, usiogope. Bonyeza kichwa cha safu ya tarehe mpaka mapya yapande juu. Yenye neno Preview, ruka, hayo ni ya hiari. Chukua la x64 kama prosesa yako ni Intel au AMD. Viraka vya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na la mwisho limebeba vya nyuma, kwa hiyo huhitaji kukusanya mwezi kwa mwezi. Hilo ndilo linalonifurahisha kupita yote.

Ukibonyeza kupakua, unaweza kuona mafaili mawili au zaidi. Hapa wengi wanachukua moja na kulalamika limekataa. Chukua yote, yaweke kwenye folda moja isiyo na faili jingine la .msu (aina ya faili la sasisho la Windows), weka kwenye flashi. Amri ya DISM, zana ya Windows yenyewe, ya kuyaingiza nimeiweka kwenye maelezo chini ya video. Likimaliza, zima na uwashe.

Bado hatujaunganisha! Kwenye flashi ileile weka mpam-fe.exe, faili la Microsoft linaloipa Defender, kinga ya virusi ya Windows, orodha mpya ya virusi. Dakika chache tu. Sasa chomeka waya, na cha kwanza ni kusasisha kivinjari, kabla hujafungua barua pepe wala benki. Draiva zije mwisho, printa ingoje zamu yake.

Bei? Katalogi haikudai senti. Walio kwenye Windows 10 ndio wenye kazi ya ziada: msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, na mpango wa ESU, yaani masasisho ya usalama ya muda wa ziada, kwa watumiaji wa nyumbani unataka toleo la 22H2. Kuununua ni dola 30, ingawa zipo njia za kuupata bila kulipa. Kama nakala yako ni ya kabla hujajiandikisha, rudi kwenye mipangilio ukague kama mashine bado imo.

Mlioomba video ya Clonezilla, inakuja wiki ijayo. Toleo lako la winver liandike kwenye komenti, nikuambie faili gani la kuchukua.