Mbegu za Dume Zipi Ununue Ukitaka Ndama Wanaokua Upesi?

Anayenunua mbegu za dume kwa ajili ya ng'ombe au nyati wa kufugwa hununua matarajio, hivyo cha kwanza kuuliza ni ushahidi unaoyaunga mkono. Nimeyapanga machaguo kwa uzito wa ushahidi huo.

Nafasi ya kwanza ni ya dume aliyepimwa kupitia uzao wake, yaani yule ambaye ndama wake wengi, waliolelewa katika mashamba tofauti, walipimwa uzito walipozaliwa, walipoachishwa kunyonya na walipofikisha mwaka. Katika karatasi yake soma tarakimu mbili kwa pamoja: makadirio ya thamani yake ya uzazi, yaani ubora wa kijeni anaotarajiwa kuwarithisha ndama wake, na usahihi wa makadirio hayo, unaopimwa kati ya 0 na 1. Dume mwenye usahihi wa 0.4 anaweza kupanda au kushuka sana ndama zaidi wakishapimwa, ilhali mwenye 0.9 hasogei sana. Usikubali kulinganisha madume wa tathmini mbili tofauti, kwa kuwa kila tathmini ina msingi wake wa kulinganishia. Tazama pia uzito wa kuzaliwa, kwa sababu jeni zinazokuza mwili haraka mara nyingi humfanya ndama azaliwe mkubwa, na mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza ndiye anayeumia.

Ya pili ni dume kijana aliyetathminiwa kwa jenomu, yaani kwa kusoma vinasaba vyake kwa ujumla, njia iliyopendekezwa na Meuwissen, Hayes na Goddard mwaka 2001. Usahihi wake hutegemea wanyama wa rejea, yaani wale wa mbari hiyohiyo ambao vinasaba na uzito wao vinajulikana. Nunua mbegu za madume kadhaa wa namna hii badala ya kumtegemea mmoja. Kwa nyati, ambao kwa kawaida wana wanyama wachache wa rejea kuliko ng'ombe, ningeishusha nafasi hii hadi ya tatu.

Kwa ng'ombe, nafasi ya tatu ni ya dume hai mwenye kumbukumbu za uzito. Mlinganishe na wenzake wa umri mmoja waliolishwa pamoja, kwani sehemu kubwa ya tofauti za uzito hutokana na malisho na matunzo. Asipokuwa na kumbukumbu, ukubwa wake ni pambo tu.

Ya mwisho ni cheti cha jeni moja, ambacho wauzaji hukipenda mno. Ukuaji huongozwa na tofauti nyingi sana za kijeni, nyingi zikiwa na athari ndogo, na matokeo yaliyoonekana katika kundi dogo mara nyingi hayajirudii kwingine. Jeni ya mayostatini, ambayo kwa kawaida huzuia misuli isikue kupita kiasi, ni miongoni mwa zile chache zenye athari kubwa: katika mbari ya Belgian Blue, kukosekana kwa herufi 11 za DNA katika jeni hiyo hunenepesha misuli kupita kawaida, lakini uzazi huwa mgumu na upasuaji ni jambo la kawaida.

Mnunuzi wa nyati aulize aina pia. Nyati wa mtoni ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 50 na wa kinamasi 48. Chotara wao hupata 49, na uwezo wake wa kuzaa unaweza kupungua. Mbegu za ng'ombe, mwenye kromosomu 60, hazimfai nyati kabisa.

Kabla ya kulipa, angalia baba wa dume. Akiwa ndiye pia baba wa majike wako, na wasiwe na ukoo mwingine wa pamoja, ndama watakuwa na kiwango cha uzazi wa ndugu, yaani uwezekano wa kurithi nakala ileile ya jeni kutoka kwa baba na mama, cha asilimia 12.5.