"Palu kroa tatu": labo ya Goma, kazi yake na mdomo wake

Labo (maabara) hii ndogo ya kituo cha afya kimoja, kwenye barabara ya kwenda Sake, inastahili nyota nne kwa kazi na mbili kwa maneno.

GE, yaani kipimo cha palu (malaria) kwa tone nene la damu, wanaifanya kwa subira. Tone linaachwa likauke lenyewe, mbali na taa na jua. Likikaushwa kwa moto, damu inashika kioo, seli nyekundu hazipasuki ndani ya rangi ya Giemsa, na darubini inaonyesha utando mweusi tu. Hapa Giemsa ya asilimia 10 inakaa dakika 10, na hakuna anayeandika "negatifu" kabla ya kupitia viwanja 100, yaani sehemu 100 zinazoonekana kwenye darubini. Ndiyo maana unasubiri karibu saa nzima.

Kasoro iko dirishani. "Mama, uko na palu kroa tatu!" Mama anashika kichwa, analilia kitanda cha kulazwa. Kumbe kroa (alama ya +) ni hesabu ya vimelea vya palu tu: moja ni 1 hadi 10 katika viwanja 100, mbili ni 11 hadi 100, tatu ni 1 hadi 10 katika kila kiwanja, nne ni zaidi ya hapo. Mtu mzima wa kroa tatu anayetembea, anayekula na asiyetapika humeza dawa ya palu, Coartem 20/120: vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, na chakula kiwe na mafuta. Mtoto wa kroa moja anayeshikwa na degedege, huyo ndiye wa kulazwa na kuchomwa sindano ya artesunate bila kuchelewa.

Halafu "serumu ya nguvu", yaani dripu. Wagonjwa wanaiomba, muganga anaitundika. Glukozi ya asilimia 5, mililita 500, ina gramu 25 za sukari. Coca ya mililita 300 inaipita.

"Tifo kidogo" (homa ya matumbo) nayo ingefutwa kabisa. Inatoka kwenye kipimo kimoja cha damu, Widal, ambayo hata palu au tifo ya zamani inaweza kuipandisha.

Ukirudi kuhakikisha umepona, kataa TDR (kipimo cha haraka cha palu), omba GE. TDR nyingi huendelea kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na dirishani watakuambia palu "imekataa dawa".