Maelezo ya matoleo ya Django: taarifa inakuja mapema, onyo linabaki kimya

Kwa mtu anayetunza mfumo uliojengwa kwa Django (zana za lugha ya Python za kujenga mifumo ya wavuti), maelezo yanayoambatana na kila toleo yana thamani kuliko kozi nyingi za kulipia. Programu za simu zimetuzoesha mstari uleule kila wiki, "tumerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji", ambao haumsaidii mtu yeyote kuamua lolote. Django hawaandiki hivyo. Wanaeleza kilichobadilika, kwa nini kimebadilika, uandike nini badala yake, na njia ya zamani itakufa katika toleo gani.

Nguvu yao kubwa ni ratiba. Toleo jipya lenye vipengele vipya hutoka takriban kila baada ya miezi 8. Kila toleo linaloishia na .2 (3.2, 4.2, 5.2) hutunzwa kwa muda mrefu, angalau miaka 3 ya viraka vya usalama. Toleo la 4.2 lilitoka Aprili 2023 na muda wake ukapangwa kuishia Aprili 2026, la 5.2 lilitoka Aprili 2025 na litatunzwa hadi Aprili 2028. Wengi huogopa .0 wakidhani mfumo mzima umejengwa upya. Sivyo. Tangu 2.0, iliyotoka Desemba 2017, .0 ni mahali ambapo vitu vilivyokwisha kutangaziwa kuondoka vinaondoka kweli.

Kanuni yenyewe ni hii: kilichotangazwa katika 4.0 au 4.1 kuwa kinaachwa kinaendelea kufanya kazi hadi mwisho wa 4.x, kisha kinaondolewa katika 5.0. Kilichotangazwa katika 4.2 kinaondolewa katika 5.1, ili kisipate chini ya matoleo mawili ya notisi. Kwa hiyo mradi usiotoa onyo hata moja chini ya 4.2 unaweza kuruka hadi 5.2 bila kukwazwa na vilivyoondolewa. Hesabu hii inakuwezesha kupanga kazi ya mwaka mzima, na ndiyo sababu kubwa ya kuyasifu maelezo haya.

Mfano mzuri ni kitendo cha mtumiaji kutoka kwenye akaunti yake (logout). Zamani kiungo cha kawaida cha "Ondoka" kilitosha, kikipeleka ombi la GET, lile la kufungua ukurasa tu. Maelezo ya 4.1, Agosti 2022, yalitangaza kwamba njia hiyo inaachwa. Hatari yake ni kwamba ombi la GET linaweza kupelekwa na picha iliyopachikwa kwenye tovuti nyingine au na kivinjari kinachopakua kurasa mapema, na mtumiaji akajikuta nje bila kubofya chochote. Hawakuishia kwenye katazo. Waliweka fomu kamili ya POST (ombi la kutuma data) yenye csrf_token, alama ya siri inayothibitisha kuwa ombi limetoka kwenye tovuti yenyewe, pamoja na CSS (msimbo wa mwonekano) ya kukifanya kitufe kifanane na kiungo, tayari kunakiliwa. Njia ya zamani iliondolewa katika 5.0, Desemba 2023, yaani miezi 16 baadaye. Aliyepuuza alipata kosa la 405 (aina ya ombi hairuhusiwi) kila mtumiaji alipobofya "Ondoka".

Kwa nini basi watu bado wanashtuliwa? Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa. Maonyo ya Django, yale yenye majina kama RemovedInDjango60Warning, ni ya jamii ambayo Python huificha kwa chaguo-msingi. Unaendesha seva, kila kitu kinaonekana shwari, kumbe mfumo unakuonya kila dakika na sauti imezimwa. Maelezo ya kuiwasha yapo kwenye mwongozo wa kuhamia toleo jipya, si mahali ambapo msanidi mgeni atakutana nayo siku ya kwanza. Amri ni hizi:

python -Wa manage.py check
python -Wa manage.py test

Kwenye seva ya majaribio, weka PYTHONWARNINGS=always katika mazingira ya mfumo. Lakini kumbuka kwamba maonyo mengi hutokea pale tu msimbo husika unapoendeshwa. Kama majaribio yako hayagusi ukurasa wa malipo, maonyo ya ukurasa huo hutayaona. Na ukiona onyo, angalia njia ya faili kwanza: mara nyingi linatoka kwenye kifurushi cha mtu mwingine, na dawa yake ni kusasisha kifurushi hicho kabla ya Django yenyewe.

Ukimya huu unaweza kuharibu data bila kosa lolote kutokea. Katika 5.0, chaguo-msingi la USE_TZ, mpangilio unaoamua kama mfumo uzingatie kanda za saa, liligeuka kutoka False kuwa True. Faili za settings zinazozalishwa na startproject, amri ya kuanzisha mradi, zina mstari huo tayari, kwa hiyo walio hatarini ni wenye miradi mikongwe ambamo mstari huo haukuandikwa, au uliwahi kufutwa. Chukua mfumo wa namna hiyo wenye TIME_ZONE = 'Africa/Nairobi' na hifadhidata ya MySQL. Muamala wa saa nane mchana ulihifadhiwa kama 14:00. Baada ya kuhama, Django inaisoma 14:00 hiyo kama UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi), inaongeza saa tatu, na ripoti inaonyesha saa kumi na moja jioni. Mfumo hausimami, ila miamala ya usiku inahamia siku ya pili na hesabu za siku hazilingani. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL rekodi za zamani hazisogei, kwa sababu muda hugeuzwa kuwa UTC unapohifadhiwa. Onyo la badiliko hili lilikuwepo tangu 4.0. Kinga yake ni mstari mmoja: andika USE_TZ = False waziwazi, kisha panga kuhamisha data kwa wakati wako.

Kuna mabadiliko yasiyopitia maonyo kabisa, na hapa mpangilio wa maelezo haunifurahishi. PostgreSQL inapewa kichwa chake: 5.2 inataka angalau 14, ilhali 4.2 ilikubali 12. Hilo huwezi kulikosa. Lakini kiwango cha chini cha hifadhidata ya SQLite kilipopandishwa hadi 3.21 katika 4.2, kiliwekwa kama mstari mmoja chini ya "mengineyo", katikati ya vitu visivyomhusu mtu wa kawaida. Mwenye seva yenye SQLite ya zamani zaidi anakuta mfumo umekataa kuwaka. Kitu kinachoweza kuzuia seva kuwaka kilistahili kuwa juu kabisa ya ukurasa.

Alama za "mpya katika toleo fulani" ndani ya nyaraka ni msaada mkubwa, ila zile za matoleo ya nyuma hufutwa kadiri muda unavyokwenda. Ukiwa kwenye 3.2 usisome nyaraka za 5.2, chagua toleo lako kwenye kitufe kilicho chini ya ukurasa.

Upande wa usalama sina lawama. Takriban wiki moja kabla, hutangazwa siku ya kutoka kwa viraka na uzito wa tatizo, bila kufichua undani. Unapata nafasi ya kumpanga mtu wa zamu. Matoleo hayo ya tarakimu ya tatu hayabadilishi tabia ya mfumo isipokuwa usalama au upotevu wa data ulazimishe, hivyo yasakinishwe haraka. Andika Django~=5.1.0 kwenye requirements, faili inayoorodhesha vifurushi vya mradi, usiandike Django~=5.1. Ya pili inaruhusu 5.2 iingie yenyewe siku utakayojenga seva upya.

Maelezo haya yanamhusu msanidi tu. Karani anayetumia mfumo wako hatayasoma, na hapaswi kuyasoma. Kazi ya kumfikishia ujumbe ni yako. Usimwandikie "tumehamia Django 5.2". Mwandikie kile kitakachotokea mbele ya macho yake: "Jumamosi saa mbili hadi saa tatu usiku mfumo utafungwa. Hifadhi kazi yako kabla ya hapo. Jumatatu utatakiwa kuingia upya kwa nenosiri lako lilelile. Ukiona saa ya risiti si sahihi, usiifute. Piga simu kitengo cha TEHAMA ukiwa na namba ya risiti hiyo." Tuma siku tatu kabla, rudia asubuhi ya siku yenyewe, na uweke nakala kwenye ukurasa wa kuingilia.