Nyumba za shamba za Rembrandt: chapa ya 1641 au ya 1650?

Chapa hizi mbili za Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, ni picha zilizochapwa kwa wino kutoka bamba la shaba, na zote zinaonyesha makazi ya wakulima wa Uholanzi. Ya 1641 ni ndefu na nyembamba: nyumba ya shamba na banda la nyasi kavu katikati, tambarare pande zote, na mji wa Amsterdam ukionekana kwa mbali. Hapa Rembrandt alipaka bamba nta, akachora kwa sindano, kisha akaiacha asidi iitafune shaba palipochorwa. Ndiyo maana mistari ni safi na myembamba, na paa chakavu unaweza kulifuata karibu jani kwa jani.

Ya 1650, yenye nyumba tatu kando ya barabara, ni mambo mengine kabisa. Baada ya asidi alirudi na sindano akakwaruza shaba yenyewe. Mkwaruzo wa namna hiyo huacha kingo za chuma zilizoinuka, nazo hushika wino mwingi. Kwenye karatasi hutoka weusi mzito, laini kama mahameli. Tatizo ni kwamba kingo hizo hulala upesi chini ya mashine ya kuchapia. Nakala za mwanzo zina giza tamu, za baadaye zimepauka.

Kwa anayejifunza kuchora, ningempa ya 1641. Mimi nachukua ya 1650, mradi iwe nakala ya mapema. Iliyochoka, hapana, bora ile ya 1641.